Kivuli Kilichoulizwa Habari za Nyumbani

1

Sikudhani Mbaruku alivua viatu mlangoni kabla ya kuingia chumba cha mahojiano, jambo ambalo halikuwamo kwenye mwongozo. Akavisogeza ukutani kwa mguu, akavuta kiti, akaketi mkabala na Kivuli, akaanza kusalimia.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo," Kivuli kikajibu.

"Umeamkaje?"

"Salama."

"Habari za safari?"

"Nzuri tu."

"Na nyumbani, wote wazima?"

Nyuma ya kioo, wanafunzi wenzake walianza kugongana viwiko. Walikuwa mchanganyiko wa kawaida wa Chuo cha Nsongola: maofisa uhamiaji, polisi, watu wa ustawi wa jamii, na wauguzi kama Sikudhani, ambaye alitokea Kilwa na alikuwa mtu mzima kuliko wenzake wote. Inspekta Gervas Ndimbo wa uhamiaji, aliyekuwa akiongoza darasa kwa alama na asiyemruhusu mtu kulisahau hilo, aliinamia jirani yake.

"Watu wa pwani hawa," akanong'ona. "Watasalimiana mpaka mhalifu avuke mipaka mitatu na afungue duka huko."

Mkufunzi mkuu, Tusajigwe Mwambene, hakucheka. Alikuwa akitazama saa. Kila dakika iliyopita kabla ya swali la kwanza la maana ilikatwa alama, na sheria hiyo aliitunga yeye mwenyewe, kwa hoja kwamba getini hakuna nafasi ya porojo.

"Mama hajambo?" Sikudhani akaendelea mle ndani.

"Mama alishafariki."

"Pole, mwanangu. Mungu amrehemu. Baba?"

"Baba sikumjua."

"Haya. Na shangazi?"

"Shangazi yuko Mbozi. Hajambo."

"Tunashukuru. Na mama mdogo je? Hajambo mama mdogo?"

Kivuli hakikujibu. Kilikuwa na sura ya msichana wa miaka ishirini na kidogo, amesuka mistari, amekaa mikono mapajani, na wanafunzi wa mikupuo yote waliifahamu sura ile vizuri. Sasa kilitazama meza. Kwenye skrini ya pembeni, mstari wa pumzi ulilala kabisa, ukakaa hivyo. Kisha Kivuli kikainua kichwa na kusema, kwa adabu, "Tunaweza kuanza na yule meneja?"

"Mashine imekwama," Gervas akasema.

Tusajigwe alibonyeza kitufe, taa za chumba zikawaka, na Kivuli kikatoweka kwenye kiti. Sikudhani akageukia kioo, haoni kitu upande wa pili, akauliza nimekosea wapi. Mkufunzi akamwambia asubiri. Alikuwa amefanya kazi na Kivuli kile tangu siku kilipotengenezwa, na hakuwahi kukisikia kikiomba chochote.

Kivuli si picha ya kurekodiwa. Manusura aliyekubali alikaa na wahandisi wa chuo kwa majuma kadhaa, akizungumza, huku bangili mkononi ikisoma mapigo yake, pumzi yake na jasho la ngozi. Mashine haikuhifadhi maneno tu. Ilijifunza anapositasita, anapokimbia swali, anapocheka ili asilie. Kilichotoka baada ya hapo kiliweza kuulizwa hata jambo ambalo mwenyewe hakuulizwa, kikajibu kama ambavyo angejibu yeye. Kila mahojiano yalipoisha kilisahau yote, tayari kwa mwanafunzi mwingine.

Hiki cha Nsongola walikiita Pili, jina la kumfichia mwenyewe. Kisa chake kila mhitimu alikijua kama wimbo wa taifa: mwanamume mwenye viatu vinavyong'aa, anajiita Meneja, alimkuta sokoni, akamwahidi kazi ya kompyuta, akamvusha mpaka, akamwingiza kwenye vyumba vya macho. Huko watu hufungwa miwani usoni na kutazamishwa picha kutwa kucha ili mashine zijifunze kuona kupitia kwao. Wengi hutoka wakiwa hawawezi tena kustahimili mwanga wa jua.

Na Kivuli kilikuwa mali ya manusura mwenyewe. Sheria ilisema neno lisiongezwe wala lisipunguzwe bila kiganja cha mwenye nacho, chenye uhai, juu ya sahani ya kioo. Palikuwa na njia moja tu ya kupita pembeni, ufunguo wa dharura, kwa ajili ya kuokoa maisha ya watu. Ulikuwa shingoni mwa Tusajigwe, ndani ya blauzi, na hajawahi kuutumia.

2

Mchana Tusajigwe alijifungia kwenye chumba cha mitambo na kukiendesha Kivuli tangu mwanzo, bila sauti, akitazama mistari peke yake.

Kisa kilipofika vyumba vya macho, mapigo yaliruka kama yalivyoruka siku zote. Kwa Meneja yalikuwa tambarare. Sokoni tambarare, viatu vinavyong'aa tambarare, ahadi ya kazi tambarare, safari ya kuelekea mpakani tambarare mpaka mwisho. Utulivu huo ulifahamika chuoni. Ulikuwa na jina, ganzi ya manusura, na ulikuwa na somo lake zima: ukiona mtu anasimulia ubaya bila mapigo kubadilika, usidhani anadanganya, moyo wake umejikinga. Wageni kutoka nchi jirani walikuja kulinakili somo hilo na wakapewa vyeti.

Tusajigwe alirudia mara kadhaa ili ajiridhishe, kisha akaacha, kwa sababu hapakuwa na la kujiridhisha zaidi. Binti hakuwa na ganzi. Alikuwa akisimulia mtu ambaye hayupo. Mkufunzi akaona aibu, na baada ya aibu akashikwa na hofu, kwa kuwa alijua mambo mengine yote yaliyokuwa yamejengwa juu ya yule Meneja.

Alifungua kumbukumbu za malango. Malango ya mpakani, mashine nayo, yalifundishwa na maamuzi ya wahitimu wa chuo, na wahitimu walifundishwa na Pili. Kijana wa kiume akisafiri na msichana, lango lilitoa taa nyekundu na kumwita ofisa. Mwanamke mtu mzima akisafiri na msichana, lango lilitoa kijani na kusema kwa sauti nzuri, "Karibu, mama, safari njema." Maofisa nao waliinua mikono kusalimia. Wapo waliosaidia kubeba mizigo.

Akaliuliza lango swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza. Wanawake wale waliporudi, walirudi na nani?

Jibu lilichelewa kwa sababu lango halikuwa limezoea kutafuta hivyo. Wanawake wengi walikuwa wamerudi peke yao. Wengine walikwenda tena baada ya muda, na msichana mwingine. Kila mara walipewa kijani, kwenda na kurudi.

Alichukua yale majibu moja kwa moja mpaka ofisini kwa mkuu wa chuo. Kamishna Chaula alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mazoea ya kula karanga akiwa anafikiri. Alisoma yote, akasoma tena, na bakuli la karanga likabaki pale pale.

"Nani mwingine ameona?"

"Mimi na wewe, mkuu."

"Malango mapya yanafungwa Ijumaa," Chaula akasema. Alimaanisha kwamba malango ya mpaka mzima yangemezeshwa mafunzo ya Kivuli, kisha yangefungwa yasiguswe na mtu mpaka mkataba utakaponadiwa upya, na hilo lingechukua miaka. Iliamuliwa hivyo ili wenye hila wasije wakayachezea. "Ufunguo unao shingoni. Utumie. Rekebisha hicho kitu."

"Nirekebishe nini? Sijui aliyemchukua ni nani. Najua tu kwamba akiulizwa mama mdogo anaacha kupumua."

"Andika mama mdogo."

"Hajanipa ruhusa. Siku tunaanza alikuwa anatetemeka, nikamshika mkono, nikamwambia hapa hakuna mtu atakayekupeleka mahali usikotaka. Ni mimi niliyesema, mkuu, si chuo."

Chaula akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, na hoja yake haikuwa mbaya. "Na wale watakaovuka wiki ijayo? Wao umewaahidi nini?"

Tusajigwe aliugusa ufunguo juu ya blauzi.

"Nenda kamwone," Chaula akasema. "Lakini Ijumaa asubuhi, kama hujautumia wewe, nitaomba wizara inipe mimi nafasi ya kuutumia. Nakwambia mapema tusije tukalaumiana."

3

Enesia, ambaye ndiye Pili, aliishi juu kidogo ya mji, kwenye ubaridi, na alikuwa na kitalu cha miche ya parachichi. Tusajigwe alimkuta katikati ya viriba vya udongo, amevaa miwani myeusi na kofia pana, ijapokuwa siku yenyewe ilikuwa na mawingu. Alikuwa amenenepa. Alionekana mtu mwenye usingizi mzuri.

Kwenye baraza alikuwepo mama aliyepita makamo, akichambua maharage kwenye ungo. Tusajigwe akakunja goti bila kufikiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umetoka mbali, mbona umekonda hivyo? Enesia, mgeni anywe chai kwanza, hayo mengine baadaye."

Huyo ndiye aliyekuwa mama mdogo, Tuponile Mwandemele. Alimletea mgeni chai ya maziwa na viazi vitamu, akamuuliza kuhusu mume na watoto, akampa pole kwa kazi, akamwombea. Tusajigwe alikunywa chai ile na ikamwia tamu, na jambo hilo lilimsumbua siku nyingi baadaye.

Walipobaki wawili kwenye miche, Enesia akawa wa kwanza kusema.

"Mmejuaje, mwalimu?"

"Kuna muuguzi alikiuliza Kivuli chako habari za nyumbani. Mmoja mmoja, mpaka akamfikia mama mdogo."

Enesia akacheka kidogo. "Hakuna aliyeniuliza habari za nyumbani hata siku moja. Siku ya kwanza kabisa, nimetoka kule, sijaoga, ofisa wenu akafungua kitabu akaniuliza, mwanamume aliyekuchukua anaitwa nani? Nikaona wanataka mwanamume. Nikawapa."

"Na viatu?"

"Ofisa mwenyewe ndiye aliyevaa viatu vinavyong'aa. Nilikuwa nimeinama naviangalia."

Alikuwa ameshika mche mmoja, akiuondolea majani makavu huku anazungumza. Alisimulia bila kupandisha sauti. Mama yake mzazi alikuwa amefariki, yeye ana mtoto mchanga, hana kazi. Mama mdogo akaja na habari ya kazi ng'ambo, akamvalisha kitenge chake kizuri, akaongozana naye mpaka getini. Ofisa alimwamkia mama mdogo shikamoo, akambebea begi. Enesia akavuka.

"Ilikuwa ni yeye," Tusajigwe akasema.

"Alidanganywa kama mimi. Kijijini kwetu nani alijua vyumba vya macho ni kitu gani? Aliambiwa kompyuta, akasikia kompyuta. Niliporudi nilimkuta mtoto wangu, Lusekelo, yuko darasa la kwanza, sare safi, nywele zimechanwa, anamwita mama mdogo bibi. Sikumlea mimi mwanangu, mwalimu. Amelelewa na yule pale. Sasa yuko kidato cha nne, na hajui chochote."

Tusajigwe akamweleza habari za malango. Hakupunguza. Akamweleza wanawake wanaorudi peke yao, na akamweleza habari ya Ijumaa. Mwisho akautoa ule ufunguo ndani ya blauzi, akauonyesha.

"Naweza kufanya bila wewe. Nimeona nisikufiche."

"Basi kwa nini umekuja?"

"Kukuomba."

"Mama mdogo naye aliniomba," Enesia akasema. "Aliniambia nikikataa si neno."

Hapo Tusajigwe akaurudisha ufunguo ndani. 

"Ukitaka nikifute Kivuli chote leo, nakifuta leo," akasema. "Hiyo ni haki yako na haina masharti."

"Na malango?"

"Yatabaki na Meneja. Yameshamkariri."

Enesia alimaliza mche ule, akachukua mwingine. Kutoka barazani mama mdogo alikuwa akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya kujipumbaza, akikosea maneno na kurudia.

"Niliwapa yaliyonipata," Enesia akasema. "Sikuwapa ndugu zangu. Lakini nyinyi si mnajua kuhoji watu? Muulizeni mwenyewe. Mfungeni hiyo bangili yenu mtazame. Mtaona kwamba hakujua. Mkishaona, mtaniacha na mtu wangu, na mkiandika mtaandika kwamba wapo wanaopelekwa na watu wasiojua. Hilo nitaliwekea kiganja."

"Na nikiona vingine?"

"Hutaona vingine." Akageuka kuelekea barazani, akapaza sauti. "Mama mdogo! Mwalimu anauliza kama ungependa kwenda chuoni ukazungumze nao, kuhusu zile kazi za ng'ambo."

Mama mdogo akaweka ungo chini. "Chuoni? Mimi?" Alifurahi waziwazi. "Watataka nivae nini?"

4

Alivaa kitenge cha zambarau na kilemba chake, na Ijumaa asubuhi alifika mapema kuliko wahandisi. Kamishna Chaula alikuwepo, karatasi ya wizara mfukoni. Alikubali kusubiri mahojiano yaishe. Alimpa mama mdogo kiti chake mwenyewe na kumwamkia, kisha akaonekana kama mtu aliyejiuma ulimi.

Palikuwa na mabishano kuhusu nani amhoji. Gervas alijitolea, kwa kuwa ndiye mwenye alama. Tusajigwe akamchagua Sikudhani na kuizima saa ya ukutani. Gervas alichukua kiti mstari wa mbele.

Enesia alikaa nyuma ya kioo pamoja nao, na miwani yake, kwa sababu taa za chuo zilimuumiza. Mikono yake ilikuwa imetulia. Alikuwa na hakika.

Mle ndani Sikudhani alimfunga mama mdogo bangili kwa upole, akamweleza kwamba maneno yake yatahifadhiwa, kwamba yanaweza kutumika mahakamani, kwamba anaweza kunyamaza au kuondoka wakati wowote, na kwamba anaweza kuwa na wakili. Alieleza pole pole, akauliza kama ameelewa.

"Nimeelewa, mwanangu. Yatunzeni tu, mimi sina siri. Kuwatafutia watoto kazi ni dhambi siku hizi?"

Wakasalimiana. Waliulizana ya pwani na ya milimani, bei ya samaki na bei ya viazi, magoti, presha, wajukuu. Walicheka. Mistari kwenye skrini ilipanda na kushuka kwa raha, na nyuma ya kioo hakuna aliyegonga mwenzake kiwiko.

"Na hizo kazi za ng'ambo, mama," Sikudhani akasema, "uliwapeleka wengi?"

"Wengi, ndiyo. Wa kanisani, wa ukoo, wa majirani. Watu waliniamini. Ukimpeleka mtoto mwenyewe, ukamshika mkono, hata getini hawakusumbui."

"Na Enesia?"

"Enesia nilimpeleka kwa moyo mmoja. Alikuwa amekaa tu na mtoto, anasinzia. Nikamwambia mwanangu, kuna kazi ya kukaa, hupigwi jua."

"Waliokupa hiyo kazi walikwambia ni ya namna gani?"

"Ya macho." Mama mdogo akaonyesha kidole machoni mwake, kwa wema, kama anamwelekeza mtoto. "Yule mwenye gari alinieleza vizuri. Alisema unakaa, unavalishwa, unatazama. Akasema mlango unafungwa ili wasipotee, maana mji ni mkubwa. Akasema macho yatachoka, wengine yanaharibika."

Enesia hakusogea.

"Alikwambia hivyo kabla hujampeleka?" Sikudhani akauliza. Sauti yake haikubadilika hata kidogo. Tusajigwe, aliyefundisha watu wengi kutobadilisha sauti, alikuwa hajawahi kuona mtu akiweza hivyo.

"Kabla, ndiyo. Hakunificha. Mimi nikamwambia, kazi gani isiyochosha? Mgongo wangu umeishia shambani, nani alinipa pole? Afadhali yeye alikaa."

Mstari wa mapigo ulikwenda sawasawa, na wa pumzi vilevile. Wahandisi waliukagua baadaye kwa kila chombo walichokuwa nacho na hawakukuta kitu. Mtu yule alikuwa akisema kweli na alikuwa na amani.

Tusajigwe akamgeukia Enesia. "Tunaweza kusimamisha."

"Acha aseme."

"Na sasa, mama, umepumzika?" Sikudhani alikuwa akiuliza.

"Nimepumzika, miguu hii hainibebi. Amebaki mmoja tu, mjukuu wangu, Lusekelo. Akimaliza mtihani nitampeleka mwenyewe, nimeshazungumza nao, wamefurahi." Akatabasamu. "Mama yake hajui, nataka nimshtukize. Yule mtoto ana macho mazuri sana, ungemwona."

Chaula alitoa karatasi ya wizara mfukoni, akaitazama, akairudisha. Gervas aliinuka na kwenda kusimama mlangoni pa chumba cha mahojiano, bila kuambiwa na mtu. Sikudhani mle ndani alimpa mama mdogo maji ya kunywa.

Enesia alivua miwani. Machozi yalimtoka mara moja, ingawa kwa macho yale haikujulikana kama ni kilio au ni taa.

"Ile sahani iko wapi?" akauliza.

"Enesia, si lazima iwe sasa hivi," Tusajigwe akasema. "Tumeyapata kwake mwenyewe. Unaweza kwenda kwanza, ukamwone Lusekelo, ukafikiri."

"Iko wapi?"

Akamwonyesha. Ilikuwa kwenye chumba cha pembeni, meza ndogo, kioo kilichowekwa sawa na mbao. Enesia akabandika kiganja na kukikandamiza. Kioo kikapata joto, na mashine, iliyotengenezwa kuuliza kwa sauti ya mwanamke asiye na haraka, ikamwuliza anataka kubadilisha nini.

"Mtoe Meneja."

"Ametolewa. Aliyekuchukua ni nani?"

"Mama yangu mdogo."

"Jina lake kamili?"

"Tuponile Mwandemele." Alilitamka vizuri, kila sehemu.

"Asante. Unafahamu anaishi wapi?"

Kupitia mlango ulioachwa wazi alimwona mama mdogo upande wa pili wa kioo. Alikuwa amefungua kilemba na sasa anamfundisha Sikudhani kukifunga, anamgeuza kichwa kwa vidole viwili, anamsifu.

"Kwangu," Enesia akasema.